Gari Lisiloambiwa

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Bertha alichomoa betri ya baiskeli kwenye soketi iliyo pembeni ya friji, akaibeba hadi uani na kuipachika mahali pake. Taa ndogo tano kwenye usukani ziliwaka zote. Alifungua sanduku la mbele, akatandika mto wa kochi, akamketisha Crispin, wa miaka sita, upande wa kushoto, na dada yake Goodness, wa miaka kumi, upande wa kulia. Akawafunika kitenge kimoja magotini, kwa sababu Iringa mwezi wa saba ina baridi. Katikati ya miguu yao aliweka boksi la chanjo za kuku lenye barafu. Kisha akafungua geti.

Nje ya geti lilikuwa limesimama gari, Noah ya kijivu, injini ikiunguruma, indiketa zote zikiwakawaka. Kwenye kiti cha dereva hapakuwa na mtu.

"Leo lina matope," Goodness alisema.

"Halituhusu. Shika boksi."

Bertha alipanda, akabonyeza kitufe, akaondoka. Gari lilipiga honi mara mbili, fupi fupi, kama alivyokuwa akipiga mumewe Vitus kila asubuhi kwa miaka saba kuwahimiza watoto watoke. Kisha likageuza na kuwafuata. Mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini, baiskeli iliupanda kwa mwendo wake wa kila siku, na gari likaupanda nyuma yake kwa gia ya kwanza. Magari mengine yalikuwa yakilipita upande wa kulia.

Trafiki wa chini ya mlima alikuwa amelisimamisha mara moja tu, mwezi wa nne. Alichungulia ndani akakuta hakuna dereva. Akaangalia stika ya bima akakuta haijaisha. Tangu siku hiyo alilipungia mkono lipite.

Kijiweni, vijana wa bodaboda walikuwa wanaota jua.

"Mama Goodness! Msafara wa leo hauna king'ora?"

"King'ora ni wewe," Bertha alijibu bila kugeuza shingo.

"Na hilo sanduku, mama, si jeneza hilo?"

"Jeneza halina breki. Hili lina breki. Nikuonyeshe?"

Walicheka. Gari likapita, nao wakaiondoa miguu yao barabarani.

Bertha alikuwa mtu wa Mbeya, na alikuwa na diploma ya afya ya mifugo. Alikuwa anasimamia duka la dawa za mifugo karibu na soko. Alijulikana kwa kusema mambo kama yalivyo. Mtu akimleta ndama, Bertha humshika tumbo, humfunua kope, kisha husema: "Huyu hafiki jioni. Usinunue dawa, kanunue chumvi ya nyama." Watu walitoka mbali kuja kuambiwa hivyo.

Vitus alikuwa amefariki mwezi wa tatu. Moyo wake ulikuwa umevimba, na ulikuwa umevimba kwa muda mrefu kabla hajasema. Alizikwa kijijini kwao, Kilolo. Bertha hakuwahi kulitamka neno lenyewe. Watu walipompa pole alisema asante. Fomu ya shule ilipotaka jina la baba aliandika jina, na ilipotaka namba ya simu yake aliiandika pia, kwa sababu alikuwa anaikumbuka.

Siku ya tatu ya msiba, wanaume wa ukoo walikaa kikao. Bertha alikuwa chumba cha ndani, kwa kuwa mjane hakai kikaoni. Waliamua kwamba gari liende kwa Zabron, kaka yake Vitus, kwa sababu gari linataka mwanaume. Alipoletewa chai aliletewa na karatasi, akaambiwa asaini mahudhurio. Alisaini. Baadaye ikaonekana kwamba ilikuwa ni muhtasari wa kikao. Aliporudi mjini aliipeleka nakala kwenye ofisi moja ya serikali yenye benchi refu. Karani aliisoma, akaigeuza nyuma, akamuuliza kama saini ni yake. Bertha alisema ni yake.

"Basi," karani alisema.

Gari walilinunua wawili, nusu kwa nusu. Kadi ilikuwa na jina moja, la Vitus.

Katika ukoo wa Vitus, mtu akifariki mali yake huambiwa. Alfajiri ya siku ya tatu, kabla ya kikao, baba mdogo Aroni aliingia zizini akawashika ng'ombe sikio, mmoja mmoja, na kuwaambia kwamba Vitus amekufa. Aligonga mizinga ya nyuki, akaiambia. Aliliambia ghala, akaliambia jembe la kukokotwa na ng'ombe, akaiambia redio. Kisha watu wa ukoo wakanawa mikono kwenye beseni moja, maji yakamwagwa, na kazi ikawa imekwisha. Kitu kisipoambiwa huendelea na kazi ya mwenyewe. Babu yao alipofariki, jogoo wake alisahauliwa, naye akawa anapanda juu ya kaburi kila alfajiri kumwamsha, mpaka alipozeeka.

Alfajiri ile gari halikuwapo. Lilikuwa limetumwa Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu na nyanya za msiba. Liliporudi saa nne, watu walikuwa wameshanawa.

Jumatatu iliyofuata, Zabron aliamka Kilolo akakuta gari halipo, na ufunguo uko chini ya mto wake. Gari lilikuwa Ipogolo, mbele ya geti la Bertha, linapiga honi mara mbili. Watoto walitoka mbio na mabegi.

"Rudini," Bertha alisema. "Si letu. Kikao kimesema."

Walitembea kwenda shule, na gari likatembea nyuma yao.

Zabron alifanya alichoweza. Alilifunga kwa mnyororo kwenye mparachichi, na asubuhi likafika Ipogolo na mparachichi, ukiwa na mizizi yake. Alitoa betri, likafika bila indiketa. Alitoa magurudumu, likafika saa moja na nusu likiwa limechelewa, na siku hiyohiyo akayarudisha kwa sababu barabara ya Kilolo inamaliza rimu. Siku moja lilifika na mke wake amelala kiti cha nyuma. Bertha alimpa chai na mkate, mwanamke akapanda basi kurudi kwake. Ikawa kila alasiri Zabron anakuja na basi kulichukua gari lake mbele ya duka la dawa, analiendesha hadi Kilolo, na asubuhi halipo.

Bertha alitembea na watoto wiki tatu. Kisha alipima. Nyumbani hadi shule ni kilomita nne, shule hadi dukani moja na nusu, dukani hadi kwa wafugaji wake wa karibu haizidi kumi. Hakuna siku aliyozidi thelathini. Alikwenda Mlandege kwa fundi Marcelino, aliyekuwa anaunganisha baiskeli za umeme zenye sanduku mbele, na akaijaribu moja kwa kumpakia Marcelino mwenyewe sandukuni na kumpandisha mlima.

"Ukienda na mimi umeenda na watoto wako wawili na begi," Marcelino alisema kutoka ndani ya sanduku. "Usiioshe tu kwa mashine ya presha. Na ukate kona pole pole, mama, mimi nina familia."

Alirudi nayo nyumbani siku hiyo. Betri ilijaa kabla hajamaliza kupika na kufua. Baiskeli haikupanga foleni ya mafuta, na aliiegesha mlangoni pa duka ambapo gari halikuwahi kupata nafasi. Mvua ikinyesha aliwafunika watoto kwa turubai, wakawa wanaimba humo ndani bila kuonekana. Baada ya mwezi Bertha alijua kwamba hakulihitaji gari. Hilo halikubadili kilichofanyika.

Jumamosi moja, Zabron na baba mdogo Aroni walikuja nyumbani. Waliketi kwenye kochi lililokosa mto mmoja. Aroni alikuwa amevaa koti la Vitus la kahawia. Bertha aliliona, akawawekea chai.

"Kamwene, mama," Aroni alisema.

"Kamwene, baba."

"Tumekuja kwa habari ya gari."

"Lipo nje."

"Tumeliona. Sasa mama, sisi wa ukoo tumeshanawa. Tukiliambia halisikii, tumejaribu. Zabron amelipigia kelele mpaka majirani wakatoka. Ambaye hakunawa kwenye beseni lile ni wewe peke yako, maana mjane hanawi na ukoo. Uliambie wewe."

"Niseme nini?"

"Neno dogo. Ulishike, umtaje mume wako kwa jina, useme amekufa."

"Halafu?"

"Halafu linakuwa gari."

Bertha alisogeza sukari karibu na mzee.

"Kwetu Mbeya gari haliambiwi kitu."

"Labda magari ya Mbeya yanaelewa yenyewe," Aroni alisema. "La huku linaambiwa."

Zabron alikuwa anaangalia kikombe. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono ya shamba, na kupanda basi kila siku kulikuwa kumempunguza.

"Shemeji, viazi vinaoza shambani," alisema. "Wenzangu wameshapeleka sokoni."

"Kikao kikae tena," Bertha alisema. "Muandike kwamba gari ni la watoto wa Vitus. Mkishasaini, nitaliambia siku hiyohiyo, mbele yenu."

"Kikao kilishavunjwa, shemeji."

"Undeni kingine."

"Kitu kikishagawiwa kimegawiwa," Aroni alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. "Tukianza kurudisha, kila mtu atadai. Hata hili koti."

"Basi pandeni basi na viazi vyenu."

Walimaliza chai. Aroni aliomba chapati iliyobaki, akaifunga kwenye leso. Bertha hakukasirika. Hakuwa amekasirika tangu mwezi wa tatu, wala kufurahi, na hata pilipili alikuwa anaila bila kuisikia. Aliosha vikombe, akaenda kuchaji betri.

Aliweka hesabu moja tu kichwani. Viazi vikiendelea kuoza, Zabron atakubali. Alichotakiwa kufanya ni kutosema, na kutosema hakukumgharimu kitu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata aliwashusha watoto shuleni kama kawaida. Saa tatu kasoro alikuwa dukani anamwambia mzee mmoja kwamba nguruwe wake watatu hawatapona, simu ikalia. Ilikuwa ni mwalimu Veronika.

"Mama Crispin, mtoto yuko nyumbani leo?"

"Nimemshusha getini saa moja."

"Darasani hayupo. Dada yake anasema alirudi nje akasema amesahau kitu."

Bertha alitoka. Upande wa pili wa barabara, ambapo gari hukaa, palikuwa na doa la mafuta tu. Hakuwahi kujiuliza kama linakaa hapo siku nzima. Aliondoka na baiskeli, mzee wa nguruwe akabaki analinda duka. Kijiweni hakuhitaji kuuliza.

"Mama, msafara umepita na mheshimiwa ndani," kijana mmoja alisema. "Amefunga na mkanda. Wameshika njia ya hospitali."

Gari lilikuwa hospitali, mbele ya mlango wa wagonjwa wa dharura, limesimama kinyumenyume, mlango wa nyuma umeinuliwa na viti vimelazwa, kama lilivyosimama siku ile ya mwezi wa tatu. Indiketa zilikuwa zinawakawaka. Mlinzi alikuwa amekaa kivulini anakunywa uji.

"Hili ni lako, mama?"

"Hapana."

"Huwa linakuja kila siku saa tatu, linakaa mpaka saa saba. Tumelizoea, hata gari la wagonjwa linalizunguka. Leo limekuja na mtu."

Crispin alikuwa amekaa kiti cha mbele, mikono juu ya begi lake. Sweta lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

"Shuka," Bertha alisema.

"Bado hajatoka."

"Nani?"

"Baba. Gari linamsubiri. Si mlimleta hapa?"

Bertha alisimama, mkono juu ya mlango. Siku ya kwenda kuzika, Crispin alikuwa na homa, akaachwa mjini kwa jirani yao Paskalina. Waliporudi ilikuwa Jumapili jioni na sare za shule hazijafuliwa. Goodness alidhani Paskalina amemwambia. Paskalina alidhani mama yake amemwambia. Mwalimu alidhani ni jambo la nyumbani. Kila mmoja alikuwa ameshanawa.

Alifikiri haraka, kama alivyozoea. Angeweza kumpeleka mtoto nyumbani akamwambie jikoni, mlango umefungwa, gari lisisikie. Zabron hakuwa mbali na kukubali. Jana alipiga simu mara mbili. Wiki moja tu, pengine mbili. Alinyoosha mkono akabonyeza kifungo cha mkanda. Haukufunguka. Alibonyeza tena kwa vidole viwili. Haukufunguka.

"Haufunguki mpaka baba atoke," Crispin alisema. "Mimi niliujaribu nikitaka kukojoa."

"Umekojoa?"

"Kidogo."

Bertha alichuchumaa mlangoni. Mkono mmoja aliuweka kwenye goti la mtoto, ambalo lilikuwa limelowa, na mwingine aliuweka juu ya dashibodi, ambayo ilikuwa ya moto na inatetemeka kwa sababu ya injini. Alitumia sauti yake ya dukani. Hakuwa na nyingine.

"Vitus amekufa," alisema. "Baba yako amekufa, Crispin. Alikufa humo ndani, Jumanne, saa nane mchana, moyo ulisimama. Tukamzika Kilolo karibu na babu yake. Hatatoka."

Injini ilizima. Indiketa zikaacha kuwaka, ya kushoto kwanza. Mlango wa nyuma, ambao haukuwa na kitu cha kuushikilia, ulishuka polepole ukajifunga. Mkanda ukafunguka wenyewe na kurudi mahali pake.

Crispin aliuangalia mkanda.

"Gari lilikuwa halijui?"

"Lilikuwa halijui."

"Na mimi nilikuwa sijui."

"Ndiyo," Bertha alisema. "Tulikosea."

Alimbeba mpaka kwenye baiskeli, akamvua suruali, akamfunga kitenge, akamketisha kwenye mto. Mtoto alilia sandukuni, kichwa chini, kwa muda mrefu. Bertha alisimama kando yake ameshika usukani. Alingoja kuona kama na yeye atalia. Hakulia. Mkono uliokuwa kwenye dashibodi ulikuwa unauma kama wa mtu aliyeshika sufuria ya moto, akaujaribu kwa kuukunja na kuukunjua.

Mlinzi alikuja na kikombe chake.

"Mama, hilo gari sasa linaziba njia. Mwambieni mwenyewe aje alitoe."

Alimpigia Zabron. "Njoo hospitali uchukue gari lako," alimwambia, na akakata.

Zabron alifika saa nane, na basi kwa mara ya mwisho. Alikuwa amekuja na gunia nusu la viazi begani. Aliweka ufunguo, gari likawaka kama magari mengine. Aliliendesha mbele mita tano, akarudi nyuma mita tano, akashuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Asante, shemeji. Mungu akubariki."

"Umeona limekubali."

"Limekubali." Alilishusha gunia kwenye lami. "Hivi ni vya watoto."

"Na kikao?"

"Shemeji," Zabron alisema. Aliangalia viatu vyake, kisha akamwangalia Crispin aliyekuwa amelala sandukuni na kitenge kichwani. "Watoto wakue kwanza."

Bertha alilipakia gunia sandukuni, akamhamishia mtoto juu yake. Walimpitia Goodness shuleni. Sanduku halikuwa na nafasi ya watatu, kwa hiyo Goodness alitembea kando, ameshika ukingo, mpaka Ipogolo. Kuteremka hakutumii betri. Njiani Goodness aliuliza mara moja tu.

"Umewapa gari?"

"Nimelirudisha."

Jioni baba mdogo Aroni alipiga simu. Alisema amesikia, na kwamba Bertha amefanya vizuri, na sasa naye anawe mikono, maji ayamwage nje ya geti. Bertha alikuwa anamenya viazi, kwa hiyo mikono ilikuwa kwenye maji tayari. Alimwaga yale yale. Viazi vilikuwa vizuri, vikubwa, havina doa hata kimoja.

Asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini, alichomoa betri na kuipachika. Taa tano ziliwaka. Alitandika mto, akawafunika watoto magotini, akaweka boksi la chanjo, akafungua geti. Barabara ilikuwa tupu. Bertha alitoka akakaa pembeni kidogo, kwa mazoea, kuacha nafasi ya gari kugeuza. Kisha akabonyeza kitufe.

Trafiki aliangalia nyuma yao, hakuona kitu, akashusha mkono. Vijana wa bodaboda waliota jua kimya.

Katikati ya mlima Noah ya kijivu ilitokea nyuma, ikipanda kwa nguvu, imeinama kwa uzito. Ndani mlikuwa na magunia ya viazi mpaka dirishani, na Zabron ameshika usukani kwa mikono miwili. Watoto walilijua gari kwa sauti. Crispin alisimama sandukuni akaipunga mikono yote miwili.

Lilipiga honi mara moja, ndefu, baiskeli ipishe. Bertha alipisha. Likawapita, likakata kona ya juu kuelekea sokoni, likapotea.

"Halijasimama," Crispin alisema.

"Limeshaambiwa," Bertha alisema. "Kaa chini." Akaongeza gia.